Taa Moja, Sura Moja: Nyota wa Zamani wa Sinema na Mradi Wetu wa Picha

Hotuba hii niliitoa Mombasa mbele ya wapigapicha wenzangu tulipokutana kuzindua mradi wetu wa picha za sura. Waliokosa kufika wameomba maneno yote, nami nayaweka kama nilivyoyasema. Picha tulizozitazama ukutani hazimo humu. Pale ilipobidi nimezieleza kwa maneno.

Wazee wangu, ndugu zangu, vijana wa kamera, hamjambo. Nawashukuru kwa kuja, hasa nyinyi mliofunga studio siku ya Jumamosi, siku ya harusi, siku ya pesa. Najua mmeacha nini ili mkae hapa.

Tangu niseme kwamba mradi wa mwaka huu utaanzia kwenye picha za nyota wa Hollywood wa miaka ya 1930, nimekuwa nikiulizwa maswali mawili. La kwanza: kwa nini wao, na sisi tuna watu wetu? La pili: taa zile tutazitoa wapi? Yote mawili nitayajibu. Ila naomba mnivumilie nianze mbali kidogo, kwa sababu bila kujua kazi ile ilifanywaje, tutaishia kuvaa kofia na kushika sigara mbele ya kamera, tukidhani tumejifunza kitu.

Ninachokiamini ni hiki, na nitakisema mwanzo ili msinitafute. Uzuri wa picha zile haukutoka kwenye umaarufu wa waliopigwa. Ulitoka kwa mtu aliyemtazama mtu mwingine kwa muda mrefu, akautafuta mwanga wa uso ule, uso ule peke yake, asitosheke mpaka aupate. Kazi hiyo alifanyiwa nyota. Je, kuna sheria inayosema muuza samaki wa Kongowea asifanyiwe?

Mwaka 1929 kulikuwa na mwigizaji aitwaye Norma Shearer. Alikuwa nyota wa kampuni ya MGM, na mumewe, Irving Thalberg, ndiye aliyesimamia utengenezaji wa filamu katika kampuni hiyo hiyo. Mngedhani mke wa mkubwa anapata kila anachokitaka. Hakupata. Kulikuwa na filamu inaandaliwa, The Divorcee, ya mwanamke aliyesalitiwa na mumewe, kisha naye akaamua kuishi kwa uhuru ule ule ambao mwanamume alikuwa amejipa. Shearer aliitaka nafasi ile kwa moyo wote. Mumewe hakumwona humo. Machoni pake mkewe alikuwa bibi wa heshima, mtulivu, na mwanamke wa namna ile watazamaji wasingemkubali akiwa ni yeye.

Shearer angeweza kununa. Angeweza kwenda kulia kwao. Alikwenda kwa mpigapicha.

Mpigapicha mwenyewe hakuwa na jina. Ni kijana wa miaka 25, George Hurrell, mzaliwa wa Kentucky, aliyehamia pwani ya California mwaka 1925 kwa nia ya kuwa mchoraji, akawa anapiga picha ili apate riziki. Mwigizaji mwenzake Shearer, Ramon Novarro, alikuwa amepigwa na kijana huyo, akamwonyesha Shearer picha zake. Bibi yule akaenda. Nywele zikaachiwa, akavaa vazi la nyumbani la kitambaa cha kung'aa, na Hurrell akamwekea mwanga mkali wa upande mmoja na kivuli kizito upande wa pili. Thalberg alipoziona zile picha alibadili mawazo. Nafasi akapewa Shearer, na mwaka 1930 akatunukiwa Oscar kwa filamu hiyo hiyo. Hurrell naye akaajiriwa MGM.

Hebu tulieni hapo kidogo. Mume aliyeishi naye nyumba moja, aliyekula naye meza moja, hakuwa amemwona. Picha ndiyo iliyomwonyesha. Na kabla ya picha, kulikuwa na mpigapicha aliyekubali kwamba huyu aliyekuja ana sura nyingine ndani yake, akamsaidia kuitoa.

Sasa mimi nawauliza. Mtu akiingia studio kwetu, tunamwuliza anataka kuonekana vipi? Au tunamwambia tu: kaa hapo, inua kidevu, tazama huku, haya, tayari, shilingi ngapi?

Kabla sijaendelea, nina neno kwa dada zangu waliokaa upande ule. Hurrell hakuikuta studio ya MGM tupu. Aliyemtangulia alikuwa msichana, Ruth Harriet Louise, aliyekabidhiwa studio ya picha za sura ya kampuni ile mwaka 1925 akiwa na umri wa miaka 22. Wenzake katika kampuni kubwa za Hollywood walikuwa wanaume watupu. Kwa miaka ipatayo mitano nyota wa MGM walipita mbele ya kamera yake: Greta Garbo, Joan Crawford, Shearer mwenyewe. Alifariki mwaka 1940, hata miaka 40 hajafika, na kwa muda mrefu jina lake halikutajwa tena. Namtaja hapa kwa makusudi. Katika mji huu hakuna msimu wa harusi unaopita bila familia kutafuta mpigapicha mwanamke wa kuingia ukumbi wa akina mama, na hawatoshi. Kazi ipo. Na mtangulizi mnaye.

Twende kwenye vifaa, kwa sababu vifaa vyao ndivyo vilivyowafundisha subira. Kamera ilikuwa sanduku kubwa juu ya stendi nzito. Negativu moja, yaani kipande cha filamu kinachonasa picha, ilikuwa na ukubwa wa inchi 8 kwa 10. Negativu moja, picha moja. Ukishapiga unachomoa kishikio chake, unaingiza kingine. Filamu yenyewe haikuwa nyepesi kushika mwanga kama kamera zetu za leo, kwa hiyo aliyekaa kitini alitakiwa atulie tuli. Lenzi ikifunguliwa sana, macho yanatoka makali na masikio yanaanza kuyeyuka. Akisogea mbele kidogo tu, macho yamepotea.

Mazingira hayo yalimlazimisha mtu atazame kwanza, apige baadaye. Sisi tunapiga kwanza, tunatazama baadaye kwenye kioo cha nyuma ya kamera. Tunarudi nyumbani na picha mia nne za bwana harusi, halafu tunakesha tukitafuta moja ambayo hajafumba macho.

Lakini msidhani subira ina sura moja. Hurrell alifanya kazi kwa kelele. Alifungulia muziki, alicheza, alipiga makelele, alifanya vituko mpaka nyota akasahau kwamba amekuja kupigwa picha. Kwa Joan Crawford hilo lilikuwa dawa. Walifanya kazi pamoja mara nyingi, na yeye alipenda kamera kuliko wengi. Mwaka 1930 akaletewa Greta Garbo, yule Mswidi ambaye dunia nzima ilikuwa inamtazama. Muziki ukapigwa, vituko vikafanywa. Garbo akabaki na ukimya wake. Picha zilizotoka ni nzuri, lakini mwenyewe hakupendezwa na namna ile, akarudi kwa Clarence Sinclair Bull, mkuu wa picha wa MGM, mtu mpole asiyepandisha sauti. Garbo na Bull wakaendelea pamoja mpaka mwaka 1941, Garbo alipoiacha sinema. Kama mmewahi kuona uso wa Garbo ukitoka gizani, nywele zimerudishwa nyuma, kope zimeshuka nusu, hakuna pambo wala kiti wala ua, basi yaelekea mmeiona kazi ya Bull.

Nani alikuwa bora kati yao? Swali hilo mimi silitaki. Ninalolitaka ni hili: huyu aliyekaa mbele yako leo ni mtu wa Hurrell au ni mtu wa Bull? Kuna mama wa Marikiti ambaye usipomchekesha hutampata kamwe, uso wake umefundishwa kujadili bei. Na kuna mzee wa Mji wa Kale ambaye ukimletea muziki na vituko ataona umemvunjia heshima, atanyanyuka aende zake. Mzee huyo mwamkie shikamoo, mpe kiti, mpe kahawa, nyamaza naye. Atakuja mwenyewe.

Sasa mwanga. Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo penye utamu.

Mwaka 1930 mwigizaji Marlene Dietrich alifika Hollywood kutoka Ujerumani, kufanya kazi na mwongozaji wa filamu Josef von Sternberg. Von Sternberg alimjenga kwa mwanga. Picha tuliyoitazama muda mfupi uliopita, ile aliyoinua uso na kushikanisha mikono, inatokana na filamu ya Shanghai Express ya mwaka 1932, na ilipigwa na Don English. Taa kuu iko juu, mbele yake, imeinamishwa kumwelekea. Mmeona kilichotokea? Paji la uso limewaka. Mashavu yamezama. Kope zimeangusha kivuli chake chini ya macho. Na chini ya pua kuna kivuli kidogo chenye umbo la kipepeo.

Kivuli hicho ndicho kipimo. Kikumbukeni hicho tu, hata mkisahau mengine yote niliyosema leo.

Fanyeni hivi. Mketishe mtu wako kwenye kiti kisicho na mikono. Weka taa moja mbele yake, juu ya kichwa chake. Ipandishe polepole. Usiitazame taa, wala kamera usiishike bado, tazama pua. Kivuli kitaanza kushuka kutoka puani kuelekea mdomoni. Kikifika katikati, simama. Kikigusa mdomo umepita: macho yatazama kwenye mashimo, na mtu ataonekana kama ametoka kuugua. Kisha tazama mboni. Kuna nukta ya mwanga juu yake? Kama haipo, mwambie ainue uso kidogo, kidogo sana, mpaka itokee. Nukta ile ikikosekana, macho yamekufa, na hakuna programu itakayoyafufua. Chini ya kidevu mpe sinia. Ndiyo, sinia la aluminiamu, lile la pilau. Alilaze mapajani, ligeukie juu, lirudishe mwanga kidogo shingoni na chini ya taya. Mkiona linarudisha mwingi mno, lifunikeni nusu kwa kitambaa. Nyuma yake tundika kaniki, na iwe mbali naye, hatua tatu au nne, taa isiiguse.

Mnaona? Tumefika Hollywood na hatujanunua kitu.

Ukitaka kwenda mbali zaidi, ongeza taa ya pili. Hurrell alichukua mkono mrefu wa aina ile inayoning'iniza maikrofoni juu ya waigizaji, akafunga taa ndogo mwishoni mwake, akawa anaweza kuileta kutoka popote: juu ya nywele, nyuma ya bega, karibu na shavu. Leo kila duka la vifaa vya picha linauza stendi ya namna hiyo. Lakini nawaombeni, taa ya pili isiingie mpaka ya kwanza imemaliza kusema. Nimeona studio zenye taa nne na nyuso zisizo na kivuli hata kimoja. Uso usio na kivuli ni bapa.

Na Dietrich mwenyewe msimfanye mtu wa kuketishwa tu. Alisoma. Alijua mwanga wake uko wapi kuliko mafundi wengi aliofanya nao kazi baadaye, na alizoea kuweka kioo kirefu kando ya kamera ili ajione kabla mtu mwingine hajamwona. Napenda wazo hilo la kioo. Mtu wetu atakapokaa kitini, tumpe kioo. Aione sura yake kwenye mwanga ule, aseme kama ndiyo yeye.

Jambo jingine ni kusafisha sura kwenye picha, na hapa najua tutagombana kidogo.

Karibu mwaka 1931 Hurrell alimpiga Joan Crawford uso mtupu, bila poda. Crawford alikuwa na madoadoa ya jua uso mzima, mpaka mabegani. Picha ile mbichi ipo mpaka leo, na ipo pia ile iliyotolewa kwa magazeti. Kwenye ya kwanza kuna mwanamke wa watu, mwenye ngozi. Kwenye ya pili madoadoa yote hayapo, uso ni laini mwanzo mpaka mwisho. Kati ya picha hizo mbili kuna fundi, James Sharp, aliyeiinamia negativu kwa penseli kwa saa nyingi, doa moja baada ya jingine. Kwa hiyo anayesema kusafisha sura kumeletwa na simu, mwambieni si kweli. Kuna umri wa babu zetu.

Naiheshimu kazi ya mkono ule. Lakini mimi napenda ile mbichi, na katika mradi huu tutafuata ile mbichi. Hakuna kulainisha ngozi. Hakuna kufuta kovu, chale wala kunyanzi. Na zaidi ya yote, hakuna kumtoa mtu rangi. Simu nyingi mlizo nazo mfukoni zikiona uso mweusi zinataka kuung'arisha na kuulainisha bila hata kuuliza. Kizimeni kitu hicho.

Kwa nini Hurrell alitaka ngozi tupu? Si kwa sababu alipenda madoadoa, maana aliyapeleka yafutwe. Alitaka mng'ao. Poda nzito hunyonya mwanga, uso unabaki kama ukuta uliopakwa chokaa. Ngozi tupu, tena iliyopakwa mafuta kidogo, hurudisha mwanga: kwenye mfupa wa shavu, kwenye ukingo wa pua, kwenye bega. Sasa nambieni, ni ngozi gani duniani inayorudisha mng'ao wa namna hiyo kuliko hizi zetu?

Na hapa ndipo nina deni la kuwaambia ukweli mchungu. Kiti kile hakikuwa cha kila mtu.

Kwenye filamu ile ile ya Shanghai Express, pembeni ya Dietrich, yumo Anna May Wong, mzaliwa wa Los Angeles, binti wa wazazi wenye asili ya China waliokuwa na biashara ya kufua nguo. Tazameni picha ambazo wamo wote wawili. Mwanga haukumwonea Wong. Anasimama sawa na Dietrich, na mara nyingine jicho linamwendea yeye kwanza. Lakini miaka michache baadaye MGM ilipotengeneza The Good Earth, filamu ya familia ya wakulima wa China iliyotoka mwaka 1937, nafasi ya mke haikwenda kwake. Akapewa Luise Rainer, mzaliwa wa Ujerumani, akapakwa rangi afanane na Mchina, na akapata Oscar.

Hattie McDaniel alikuwa mtu mweusi wa kwanza kupata Oscar, mwaka 1940, na usiku ule alikalishwa kwenye meza ya pembeni, mbali na waigizaji wenzake. Lena Horne, mwimbaji na mwigizaji mweusi, aliposaini mkataba na MGM mwaka 1942, walimwona ni mweupe mno kuwa mweusi kwenye filamu. Kampuni ya Max Factor ikatengeneza kipodozi maalumu cha kumtia weusi, na baadaye kipodozi kile kile kikatumika kwa waigizaji weupe waliocheza nafasi za watu wa rangi. Nyimbo zake zilipigwa filamu kwa namna ambayo zingeweza kukatwa bila hadithi kuharibika, ili majumba ya sinema ya kusini mwa Marekani yasimwonyeshe.

Hata filamu ya rangi iliyokuja kutawala baadaye ilipimwa kwa ngozi nyeupe. Maabara za kusafishia picha zilitumia kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, mafundi wakiziita Shirley, na rangi ikisawazishwa mpaka Shirley apendeze. Sisi wengine tulitoka vile tulivyotoka. Wazee wangu mliopiga harusi kwa filamu mnakumbuka: gauni la bibi harusi linaonekana kila uzi, na bwana harusi ni meno na macho.

Kwa hiyo tunapochukua mwanga wa Dietrich, hatuuchukui kama ulivyo. Ulipimwa kwa uso mwingine. Ngozi nyeusi haijengwi kwa kivuli peke yake, inajengwa kwa mng'ao. Taa kavu, ndogo, ya mbele, itatia doa jeupe katikati ya paji na kuacha kila kitu kingine gizani. Ipanueni. Ipitisheni kwenye shuka jeupe lililotandazwa, au ielekezeni ukutani kwanza, irudi imetawanyika. Kisha tafuteni pembe ambayo shavu linauonyesha ule weupe mpana kama ukanda mrefu unaotoka karibu na sikio mpaka pembe ya mdomo. Mafuta ya nazi kidogo kwenye kidole, yapitisheni juu ya mfupa wa shavu, pale tu. Pimeni mwanga kwa kuutazama ukanda ule usiungue, na muache weusi uwe mweusi. Jirani akisema picha ni nyeusi, mwambieni mtu mwenyewe ni mweusi.

Je, haya ni mageni pwani? Hata kidogo. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio Zanzibar mwaka 1930, wakati Hurrell ndiyo kwanza anaingia MGM. Hapa kwetu Mombasa, N. V. Parekh, mzaliwa wa mji huu, aliendesha studio kuanzia miaka ya 1940, na picha zake nyeusi na nyeupe leo zinatundikwa kwenye majumba ya sanaa ng'ambo. Waswahili, Wahindi, Waarabu, vijana wawili marafiki, wapenzi, mama na binti zake, wote walipita pale. Na walipokaa kitini walikuwa na mtu kichwani mwao. Walikuwa wametoka sinema ya Regal, wametoka Naaz, wenzao wa Zanzibar wametoka Majestic. Walikuwa wamemwona Raj Kapoor na Nargis kwenye Awaara, filamu ya Kihindi iliyotoka mwaka 1951 na kupendwa pwani nzima. Waliinua bega, wakageuza shingo, wakatazama mbali kama walivyoona kwenye sinema, na Parekh akawapa taa ya kuwasaidia. Kwa hiyo swali la kwanza nililoulizwa, kwa nini wao, wazazi na babu zetu walilijibu zamani kwa shingo zao. Waliliazima pozi, na picha ikabaki yao.

Yuko mwingine nataka mumjue, huyu wa Afrika ya Kati. Samuel Fosso alifungua studio Bangui mwaka 1975 akiwa na miaka 13. Mchana aliwapiga wateja. Jioni, filamu ikibaki na nafasi kidogo, aliwasha taa akajipiga mwenyewe: miwani mikubwa, suruali za kupanuka chini, viatu vya kisigino. Nyingine alimtumia bibi yake Nigeria ili ajue mjukuu ni mzima. Kutoka kwenye vipande vile vya filamu vilivyobaki ikazaliwa kazi ambayo leo iko kwenye makumbusho makubwa ya sanaa duniani. Nawaambia hili nyinyi mnaosema hamna muda wa kazi yenu wenyewe kwa sababu ya wateja.

Basi mradi wetu ni huu. Kila mmoja wetu atamtafuta mtu ambaye picha pekee aliyonayo ni ya kitambulisho. Mko nao majumbani na mitaani. Mama anayekaanga mihogo pale Mama Ngina Drive. Fundi wa majahazi. Bibi yako mzaa mama. Msukuma mkokoteni anayepita mlangoni kwako kila asubuhi na humjui jina. Muombe ruhusa, mweleze picha itatundikwa wapi, na akikataa mshukuru, usimbembeleze. Akikubali, siku ya kwanza usibebe kamera. Kaa naye. Mwulize anataka kuonekana vipi, halafu nyamaza umsikilize, hata kama atasema anataka kuonekana kama Nargis.

Picha ni nyeusi na nyeupe. Taa moja, na ya pili kwa anayeihitaji kweli. Mavazi ni yake: buibui lake, kofia yake ya kiua, aproni yake yenye mafuta, suti ya marehemu mumewe kama hiyo ndiyo anayoitaka. Hatukodi manyoya wala kofia za Kizungu. Kila mmoja ataleta picha moja tu, inchi 8 kwa 10, kipimo kile kile chao, na tutachapisha nakala mbili. Moja ya maonyesho, moja ya aliyepigwa, na yake itangulie kufika. Asije akajiona ukutani na wageni kabla hajajiona nyumbani na wanawe.

Studio yangu iko wazi kila jioni baada ya Isha kwa yeyote asiye na taa. Zamu mtajiandikisha kwenye daftari lile la mlangoni, na naomba wenye studio kubwa mwige, maana vijana ni wengi na mimi taa zangu ni chache.

Kaniki nimekwisha kuitundika hapo nyuma, na sinia nimeliazima jikoni. Tusimalizie kwa maneno. Nani anakaa kwanza?